Kitabu nilichokilipia kimegoma, PDF ya WhatsApp inafunguka: nianzie wapi utafiti wangu?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Nasoma ukutubi mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam, na mada yangu ya utafiti ni "Kukua kwa vitabu pepe na vyombo vya kidijiti". Msimamizi amenirudishia pendekezo, anasema mada ni pana mno. Kuna na jambo jingine linanikera. Mwaka jana nilinunua kitabu cha rejea mtandaoni kwa kadi ya kaka yangu. Simu ikafa. Faili nilikuwa nimelihifadhi kwenye kompyuta, nikaliweka kwenye simu mpya, likagoma. Lakini PDF zote za kundi letu la WhatsApp zinafunguka bila matata. Je, nilichokinunua si changu? Na nitayachunguzaje mambo haya kwa vitendo? Nadharia nimeshasoma ya kutosha.

Jibu

Marahaba. Tuanze na kitabu kilichogoma, maana ndani yake mna mada bora kuliko ile uliyoandikisha.

Tazama faili lenyewe: linaishia na herufi gani, na lina ukubwa gani? Kama linaishia na .acsm na ukubwa wake ni kilobaiti chache tu, hicho si kitabu. Ni hati ya kuchukulia kitabu. Inaielekeza programu ya kusomea kwenye seva fulani, ijitambulishe kwa akaunti fulani, ndipo ikabidhiwe kitabu. Ikishatumiwa na akaunti moja, akaunti nyingine ikijaribu kuifungua inarudishiwa ujumbe wa kosa unaoanza na E_LIC_ALREADY_FULFILLED. Lakini kama faili ni .epub (mfumo wa vitabu pepe) lenye kilobaiti mia kadhaa au zaidi, kitabu kimo, ila kimetiwa kufuli la kidijiti na ufunguo uko kwenye akaunti. Kulihamisha faili kwa kebo au bluetooth hakuhamishi ufunguo.

Dawa yake ni kuweka kwenye simu mpya programu ileile ya mwanzo, kuingia kwa akaunti ileile, kisha kupakua kitabu upya kutoka kwenye rafu ya akaunti. Nakala ya zamani iache. Wengi hukwama kwenye hayo maneno "akaunti ileile". Umesema kadi ilikuwa ya kaka yako. Kadi si hoja, lakini kama na akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake, basi duka linamtambua yeye kuwa mnunuzi, na wewe ukiingia kwa barua pepe yako rafu itakuwa tupu. Kwa kufuli la Adobe, kampuni yenye mfumo huo wa .acsm, akaunti moja huruhusiwa vifaa 6, na simu iliyokufa bado inahesabiwa. Ukifika kikomo, waandikie huduma kwa wateja waifute orodha ya vifaa. Kwa Amazon, faili hufungwa kwa kifaa kilichosajiliwa, kwa hiyo la simu ya zamani halisomeki kwenye mpya hata kama akaunti ni moja. Hapo hakuna njia ila kupakua upya.

Sasa, ni chako? Kwa masharti uliyoyabofya "nakubali", ulichopewa ni leseni ya kusoma. Kitabu cha karatasi ukishakinunua unaweza kukiuza, kukiazima au kumwachia mwanao, na mchapishaji hana la kusema juu ya nakala ile. Kwa kitabu pepe sivyo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba kuuza tena kitabu pepe kilichokwisha kununuliwa kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Jimbo la California limeenda upande wa kumtahadharisha mnunuzi: sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijiti wamwambie wazi kwamba anapata leseni.

Na leseni hutoweka. Julai 2009 Amazon ilizifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Wanunuzi walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu Aprili 2019. Kufikia Julai vitabu vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka, pesa zikarudishwa, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Februari 2025 Amazon ikaondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia Kindle kwa kebo.

Wewe ni mkutubi mtarajiwa, kwa hiyo litazame na hili: mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu pepe kikishaazimwa mara 26 leseni inakwisha, na maktaba inunue upya. Nakala ya karatasi huchakaa kwa kusomwa. Ya kidijiti ilichakazwa kwa mkataba. Hata leo leseni nyingi za maktaba huhesabiwa kwa miaka au kwa idadi ya maazimo, na nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, ingawa seva ingeweza kuwahudumia elfu kwa sekunde ileile.

Kwa hiyo mada yako iko hapa: kwa nini njia halali inagoma mahali ambapo njia isiyo halali inapita? Jibu lake linapimika, tena kwa simu na kompyuta ya kawaida.

Fungua faili utazame ndani

Chukua EPUB isiyo na kufuli, kwa mfano kutoka Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1971. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, kisha ifungue. Ndani utakuta haya:

Faili liitwalo mimetype, lenye mstari mmoja tu: application/epub+zip. Folda ya META-INF, na ndani yake container.xml, linaloonyesha faili la .opf liko wapi. Hilo la .opf ndilo roho ya kitabu. Lina sehemu tatu za kuzingatia: taarifa za kitabu (jina, mwandishi, lugha, namba ya utambulisho), orodha ya mafaili yote yaliyomo, na mfuatano wa kusoma. Halafu kuna sura zenyewe zilizoandikwa kwa XHTML (lugha ya kurasa za tovuti), faili la CSS linalopanga mwonekano, picha, na yaliyomo: nav.xhtml kwa EPUB 3, toc.ncx kwa EPUB 2. Ukiujua mtandao utagundua mara moja kwamba EPUB ni tovuti iliyofungwa kwenye zipu. Ndiyo maana tangu mwaka 2017 kiwango hiki kinasimamiwa na W3C, walewale wanaosimamia viwango vya tovuti.

Kuchunguza kama kitabu kina kufuli hakuhitaji kulivunja, na usilivunje. Tazama tu META-INF. Ukikuta rights.xml pamoja na encryption.xml, hilo ni kufuli la Adobe. Ukikuta license.lcpl, ni kufuli la Readium. Ukikuta encryption.xml peke yake usikurupuke kuandika "kimefungwa". Mara nyingi faili hilo linahusu fonti tu, zilizofichwa zisichomolewe, na maandishi yako huru. Anayehesabu kufuli kwa kuangalia faili hilo moja hupata idadi iliyovimba.

Ukitaka kubadilisha kitu kisha ukifunge kitabu upya, kuna mtego. Faili la mimetype lazima liwe la kwanza kwenye zipu, tena lisibanwe. Ukitumia amri ya kawaida ya kubana folda kwenye Windows, mpangilio huo huvurugika, na programu nyingine zitasema faili si EPUB. Kwenye Linux au Mac, ukiwa ndani ya folda, andika kwanza zip -X0 kitabu.epub mimetype, halafu zip -Xr9D kitabu.epub . -x mimetype. Kisha pitisha kwenye EPUBCheck, programu ya bure inayokagua kama kitabu kinafuata kiwango. Kama amri zinakuogopesha, programu ya Sigil inafanya kazi hiyo kwa vitufe.

Sasa angalia mstari wa dc:language kwenye .opf. Kwa kitabu cha Kiswahili unapaswa kusema sw. Ukikuta en au en-US, umepata data ya utafiti. Mara nyingi chanzo ni mwandishi aliyetumia Word iliyowekwa Kiingereza, akatoa faili bila kubadilisha lugha. Hili si la urembo. Programu ya kumsomea asiyeona huchagua sauti kwa kutazama tagi ya lugha, na Kiswahili kikisomwa kwa sauti ya Kiingereza hakieleweki. Programu ya kusomea pia hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za lugha iliyotajwa, na silabi zetu hazikatwi kama za Kiingereza.

Lipo na suala la ng'. Alama ile ya juu inaweza kuwa wima, kama inavyotoka kwenye kibodi (U+0027), au ya mkunjo (U+2019), kama Word inavyoibadilisha yenyewe. Kitabu kimoja hukutwa kina zote mbili. Kwa jicho tofauti ni ndogo, lakini kwenye programu zisizosawazisha alama, ukitafuta "ng'ombe" kwa alama ya wima unakosa sehemu zote zenye ya mkunjo. Jaribu kwenye kila faili la sampuli yako: tafuta neno lenye ng' kwa alama moja, kisha kwa nyingine, uandike ulichopata. Ni kazi ya dakika mbili, na itakuonyesha ni mchapishaji gani ana mhariri anayejali.

Ukinukuu kutoka EPUB kwenye tasnifu, usiandike namba ya ukurasa inayoonekana kwenye simu. Ukikuza herufi, namba hiyo hubadilika. Taja sura na aya, isipokuwa kitabu kiwe na orodha ya kurasa za chapa ya karatasi, ambayo EPUB 3 huiruhusu na wachapishaji makini huiweka.

PDF za kundi lenu

PDF ya Adobe ilitoka mwaka 1993, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha ukurasa unaonekana vilevile kila mahali. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo adha yake. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida kina takriban 70. Herufi ya pointi 12 inakuwa kama ya pointi 4. Msomaji anakuza, anavuta kushoto, anavuta kulia, kila mstari. Anayesema watu hawapendi kusoma kwenye simu achunguze kwanza kama wamepewa PDF ya A4.

PDF zenyewe ni za aina tatu, na kuzitofautisha ni rahisi. Bonyeza neno kwa sekunde mbili. Likichaguliwa, PDF ina maandishi. Lisipochaguliwa, ni picha tupu: mtu alipiga picha kitabu. Aina ya tatu ni picha yenye maandishi yaliyofichwa chini yake, yaliyotokana na utambuzi wa herufi. Hapo neno linachaguliwa, lakini ukilinakili na kulibandika mahali pengine unakuta makosa: rn imekuwa m, l imekuwa 1, ng' imepoteza alama.

Ukubwa nao unasema mengi. Chukua kitabu cha kurasa 300, maneno 300 kila ukurasa: maneno 90,000. Kila neno la Kiswahili pamoja na nafasi yake ulichukulie herufi 7, unapata herufi 630,000, yaani kama kilobaiti 630. EPUB ikibanwa inashuka chini ya 300. Kitabu hichohicho kikipigwa picha ya kijivu kwa nukta 300 kwa inchi, kila ukurasa wa A5 una pikseli karibu milioni 4.3, na ukibanwa kwa kiasi cha kawaida unabaki na nusu megabaiti hivi. Zidisha mara 300: megabaiti 150. Msomaji wa bando analipia mara mia tano kwa maneno yaleyale, na hawezi hata kuyatafuta. WhatsApp ilipopandisha kikomo cha faili hadi gigabaiti 2 mwaka 2022, mafaili mazito ya namna hiyo yakapata njia pana.

Kama utafiti wako utagusa vitabu vya Kiswahili vilivyokwisha sokoni, itakubidi ujue kupiga picha kwa namna inayofaa. Tumia nukta 300 kwa inchi. Kwa herufi ndogo kuliko pointi 10 panda hadi 400. Piga kwa kijivu. Nyeusi na nyeupe moja kwa moja hula miguu ya herufi kwenye karatasi iliyofifia, na rangi huongeza uzito bila faida. Nyoosha kurasa zilizopinda, kata vivuli vya mgongo wa kitabu. Kisha tumia Tesseract, programu huria ya kutambua herufi, na usisahau kuweka data ya Kiswahili. Kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa tesseract-ocr-swa. Ukiwa na OCRmyPDF, amri ni ocrmypdf -l swa kitabu.pdf kitabu_maandishi.pdf. Ukisahau hiyo -l swa programu inadhani ni Kiingereza, nayo inayatoa maneno yetu yakiwa yamepindishwa yafanane na ya huko. Pima usahihi kwa kuchukua kurasa 5 bila kuchagua, uzisome neno kwa neno ukilinganisha na karatasi, uhesabu maneno yaliyokosewa. Kosa moja katika maneno mia ni sawa kwa kutafutia. Kwa kuchapisha upya ni baya.

Mwenzio asiyeona hapati chochote kutoka kwenye PDF ya picha. Programu yake ya kusoma kwa sauti inaikuta karatasi tupu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika Septemba 2016, unaruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka kwa watu wasioona bila kuomba ruhusa ya kila mwenye haki. Usichukulie kwamba mlango huo uko wazi kwa kila mtu. Kwa wengine wote, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Utendi wa karne ya 19 hauna mwenye hakimiliki, lakini utangulizi na maelezo ya mhariri wa karne ya 20 yanaweza kuwa naye bado.

Historia, kwa kiasi kinachokuhusu

Mwaka 2007 ndio wa kuushika. Machi M-Pesa ilianza Kenya. Septemba EPUB ilipitishwa kuwa kiwango. Novemba Kindle ikatoka kwa dola 399 na ikaisha sokoni kwa saa chache. Haikuwa ya kwanza kutumia wino wa kielektroniki, kwa maana Sony ilishatoa LIBRIé Japani mwaka 2004. Kilichoipa Kindle nafasi ni duka lililofungamanishwa na kifaa, pamoja na bei. Amazon iliuza vitabu vipya kwa dola 9.99, vingi kwa hasara. Wachapishaji wakubwa walishtuka, na iPad ilipokuja 2010 wakahamia utaratibu ambao mchapishaji ndiye anayepanga bei. Serikali ya Marekani iliwashtaki Apple na wachapishaji watano Aprili 2012 kwa kula njama ya kupandisha bei. Apple ilishindwa Julai 2013, na mwisho wake ikalipa dola milioni 450.

Baada ya hapo mauzo ya vitabu pepe ya wachapishaji wakubwa Marekani yaliacha kupaa. Waliotabiri kifo cha karatasi walikuwa wanautazama mchoro wa 2008 hadi 2012 na kuurefusha kwa rula. Uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew wa 2021 ulikuta asilimia 65 ya watu wazima Marekani walikuwa wamesoma kitabu cha karatasi katika miezi 12 iliyopita, asilimia 30 kitabu pepe, na asilimia 23 kitabu cha kusikiliza. Kodi nayo ilichangia mahali pengine: Uingereza ilitoza vitabu pepe VAT ya asilimia 20 huku karatasi ikitozwa sifuri, hadi Mei 2020.

Ukitaka kugusa ufahamu wa msomaji, soma uchambuzi wa Delgado na wenzake wa 2018. Walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Karatasi ilishinda kwa matini za taarifa na pale msomaji alipobanwa na muda. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Usiinukuu kama "karatasi ni bora" halafu ukaishia hapo, maana nusu ya matokeo inakuwa imepotea.

Hapa kwetu

Msomaji wa Afrika Mashariki hakupitia kifaa cha kusomea vitabu. Aliruka moja kwa moja hadi kwenye simu. Pesa zake ziko kwenye simu pia, lakini maduka makubwa ya nje yalijengwa kwa ajili ya kadi ya benki. Mtu anayeweza kununua umeme usiku wa manane kwa kubonyeza vitufe vichache anaazima kadi ya kakake kununua kitabu. Mimi naona hapo ndipo panapovuja zaidi, kuliko hata bei. PDF ya kundi haiombi kadi, akaunti, programu maalumu wala usajili wa kifaa. Anayeieleza kwa neno "bure" tu anakosea: wengi wanaozitumia hulipa nauli na kudurufu sura nzima steshenari bila kulalamika.

Upande wa ugavi halali una mengi ya kuchunguza. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na swali zuri ni: vitabu gani vimo ndani yake leo, kwa mfumo upi? Nairobi kuna eKitabu, iliyoanza 2012 na inayofanya kazi na shule. African Storybook inatoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam huuza nje kupitia African Books Collective, kwa karatasi na kwa kielektroniki. Tembelea hapo kabla hujaandika kwamba "vitabu pepe vya Kiafrika havipo".

Utafiti wenyewe

Punguza mada iwe hivi: "Vizuizi vya kiufundi na vya malipo katika kupata kihalali vitabu pepe vya kozi moja ya shahada ya kwanza". Chukua orodha ya rejea ya kozi moja, vitabu 40 vinatosha. Kwa kila kimoja jaza jedwali: kuna nakala halali ya kidijiti? Inauzwa wapi, kwa bei gani, kwa njia ipi ya malipo? Ni EPUB au PDF? Ina kufuli, la aina gani? Tagi ya lugha inasemaje? Ukubwa wa faili? Maktaba yenu inayo, na watu wangapi wanaweza kuisoma kwa mpigo? Ongeza safu moja ya muda: dakika ngapi zimepita tangu uamue kukitafuta hadi usome ukurasa wa kwanza, na ulikwama hatua gani. Safu hiyo ndiyo itakayozaa matokeo.

Usitegemee ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu, kuhesabu vitabu pepe. Kila mfumo unapaswa kuwa na ISBN yake: ya karatasi, ya EPUB, ya PDF. Lakini wachapishaji wengine hubandika ya karatasi kwenye kila kitu, na Amazon huruhusu kuuza kitabu pepe bila ISBN kabisa. Takwimu zinazojengwa juu ya ISBN huwaacha nje waandishi wanaojichapishia. Idadi ya upakuaji nayo si idadi ya usomaji. Mtu mmoja hupakua mara tatu kwa sababu mtandao ulikatika.

Kwenye usaili usiulize "Je, unasoma vitabu pepe?" Wengi watajibu hapana ilhali simu zao zimejaa PDF, kwa sababu kwao hizo ni "notsi" au "nakala laini". Uliza: "Kitu cha mwisho ulichokisomea mtihani kilikuwa wapi? Nionyeshe." Watu 15 wakikuonyesha, utajua zaidi kuliko kwa dodoso la watu 200. Omba idhini kwanza, usirekodi majina wala namba, usichukue mafaili yao, na usitaje kundi lolote. Unachoandika ni aina ya faili, ukubwa, na jinsi lilivyofika.

Na kila ukijaza safu, andika tarehe. Maduka hubadilisha masharti na bei bila kutangaza, na kitabu ulichokikuta na kufuli Machi unaweza kukikuta hakina Juni. Bila tarehe, msimamizi atadhani ulikosea kukagua.